Kipimo Hakikuonyesha Kitu, Basi Ni Pepo?

Kuna sentensi moja ambayo nimeisikia mno katika miaka kumi na minane ya uchungaji wangu, na sasa imenichosha. Husemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi nje ya mlango wa sakristia baada ya ibada, na msemaji hutikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kufunga kesi. "Mchungaji, hospitali wamempima, hawakuona kitu." Kisha hukaa kimya, na kimya hicho ndicho chenye ujumbe. Maana yake ni kwamba habari za daktari zimekwisha, sasa waitwe watu wa maombi, mtoto huyu ana pepo.

Naandika kuipinga sentensi hiyo. Sitajificha nyuma ya joho: niliwahi kuiamini, na imani yangu hiyo ilimgharimu vidole vitatu mtoto niliyembatiza kwa mikono yangu.

Nilikuwa katika mwaka wa pili tangu kubarikiwa, usharika wa milimani, barabara mbovu, watu wema. Tulimwalika mhubiri kwa semina ya maombezi ya juma zima. Siku ya tatu akawaambia watu walete dawa zao mbele ya madhabahu ziwe ishara kwamba wamepokea uponyaji. Mimi ndiye niliyeshika kapu. Alikuja mama mmoja ambaye mwanawe wa miaka tisa alikuwa akinywa fenobabitoni kutoka zahanati na alikuwa amekaa miezi minne bila kuanguka. Nilimwona mama akisita, mkono umefunga ile pakiti ya vidonge. Nikamtazama kwa macho ya kumtia moyo. Akaitumbukiza kapuni, na watu wakashangilia.

Siku ya sita baadaye mtoto alianguka juu ya mafiga, mama yake akiwa ameenda kuteka maji.

Nilipowatembelea hospitalini mama yule hakunilaumu. Alisema, "Mchungaji, labda imani yangu ilikuwa ndogo." Nimesoma theolojia miaka mitano, nimekaa mbele ya watahini wakali, lakini sijawahi kusikia hukumu nzito kama ile, na aliyeitamka hakujua kwamba anahukumu mtu. Baadaye ndipo nilipoelezwa na tabibu jambo ambalo kila mchungaji angepaswa kulijua kabla hajapewa ufunguo wa ofisi: dawa za kifafa haziachwi kwa siku moja. Ubongo uliozoea dawa ukinyang'anywa ghafla unaweza kurudisha kifafa kikali kuliko cha kwanza, kuanguka juu ya kuanguka, bila mgonjwa kupata fahamu katikati, na mtu anaweza kufa hivyo. Hata daktari anapoamua kumwondoa mgonjwa kwenye dawa hizo hupunguza kidogo kidogo, wiki hata miezi. Sisi tuliziondoa kwa wimbo mmoja wa pambio.

Sasa turudi kwenye sentensi yetu. "Hawakuona kitu." Hawakuona nini, kwa kutumia nini, na kwa muda gani? Hapo ndipo watu wa maombi hawataki kuulizwa.

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1924, huko Jena, Ujerumani, daktari wa magonjwa ya akili aliyeitwa Hans Berger alifaulu kuunasa umeme huo kwa mara ya kwanza kutoka kichwani mwa mwanadamu, na mwaka 1929 akatangaza matokeo yake. (Berger mwenyewe hakuanza kwa kutafuta kifafa. Alitaka kujua jinsi mawazo ya mtu yanavyoweza kumfikia mwingine aliye mbali, kwa sababu ujanani, alipoanguka kutoka kwenye farasi, dada yake aliyekuwa mbali alihisi hatari ile. Yeye alitafuta mambo ya rohoni akapata mawimbi ya umeme. Sisi tunapewa mawimbi ya umeme tunakwenda kutafuta pepo.) Kutokana na kazi yake tuna kipimo ambacho madaktari hukiita EEG. Mgonjwa hubandikwa vidude vidogo vya waya kichwani kwa gundi, na mashine huchora mistari ya umeme wa ubongo wake. Kifafa ni dhoruba ndani ya umeme huo. Dhoruba ikipita wakati mashine inachora, itaonekana.

Lakini kipimo cha kawaida huchukua nusu saa hivi, na kifafa hakina miadi na nusu saa ya mtu. Karibu nusu ya watu wenye kifafa halisi hutoka kwenye kipimo cha kwanza bila kasoro yoyote kwenye mistari. Ni kama mtu aambiwe kuna mto unaofurika na kubomoa nyumba, naye aende kuukagua mwezi wa Agosti. Akikuta mchanga mkavu, je, ataapa kwamba hapajawahi kupita maji? Tena dhoruba nyingine hutokea ndani sana ya ubongo, mbali na ngozi ya kichwa, hata vile vidude visiinase vizuri. Kwa hiyo daktari anapomwambia mzazi kwamba kipimo hiki hakikuonyesha kitu, anasema tu kwamba dhoruba haikupita tulipokuwa tukitazama. Bado atauliza maswali, na mara nyingi atampa dawa kwa kutegemea maelezo ya waliomwona mgonjwa akianguka. Mzazi hutoka pale na nusu ya jibu, na akifika nyumbani hukuta jirani mwenye nusu nyingine tayari mdomoni.

Ipo "hawakuona kitu" ya aina ya pili, nayo ni tofauti na ya kwanza kama mbingu na ardhi. Nilifundishwa na binti mmoja wa kwaya ya vijana.

Alikuwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu, mwenye sauti ya kwanza ambayo wazee walipenda kuikalia karibu. Alianza kuanguka akiwa na miaka kumi na mitano. Zahanati ilimpa dawa moja, hospitali ya wilaya ikaongeza ya pili, kipimo kikapandishwa, na bado alianguka, tena mara nyingi zaidi. Darasani alisinzia kwa sababu ya dawa. Kanisani mzee mmoja alimwomba kwa upole awe wa mwisho kushiriki kikombe, kwa sababu ya mate, na mimi nilijua nikanyamaza. Kipimo cha nusu saa kilitoka safi. Nyumbani kwao wakaja waombaji, wakamkemea hadi usiku wa manane, mmoja akamkandamiza kifuani akidai anamtoa nyoka.

Aliyetuokoa ni muuguzi mstaafu wa usharika wetu. Aliwaambia ndugu, "Acheni kupiga kelele. Akianguka tena, mmoja ashike simu achukue video, uso uonekane, na macho." Tukaipeleka video ile kwa daktari bingwa wa mfumo wa fahamu, katika hospitali ambayo ilitubidi tuchange nauli kuifikia. Daktari aliitazama mara tatu bila kusema neno. Ilikuwa ya dakika sita. Kifafa cha mwili mzima, alituambia, kwa kawaida hukoma chenyewe ndani ya dakika moja hadi tatu, na kikipita tano ni dharura. Katika kifafa hicho macho huwa wazi, mwili hukaza kwanza kisha hutikisika kwa mpigo mmoja unaopungua taratibu, na mara nyingi ulimi hung'atwa pembeni. Binti yetu alikuwa amefumba macho kwa nguvu, kichwa kikienda kushoto na kulia, mtikisiko ukikoma na kuanza tena, na machozi yakitiririka. "Hakuna dalili moja inayotosha," akasema. "Ninataka kumwona akianguka huku mashine inachora."

Ndivyo alivyolazwa siku tatu kwa uchunguzi wa kamera na mashine pamoja. Nataka msomaji auelewe uchunguzi huu, maana ni jambo la busara kubwa na si la kutisha. Vidude vya waya vinabaki kichwani mchana na usiku. Kamera inamtazama kitandani bila kupumzika. Dawa hupunguzwa chini ya uangalizi wa wauguzi, ndani ya hospitali, mahali ambapo akizidiwa atapata msaada. Kisha watu wanangoja. Fikiri ndugu: wataalamu wanakaa siku nzima wakingoja kitu kibaya kitokee, ili kwa mara ya kwanza kitokee mbele ya shahidi wa kweli. Sisi waombaji hatukuwahi kumngoja binti yule hata saa moja kabla ya kutoa hukumu.

Alianguka usiku wa pili. Muuguzi aliingia, akamwita kwa jina, akamtajia maneno mawili akamwomba ayakumbuke, akamlinda asijigonge. Asubuhi daktari alituonyesha, mama yake na mimi, picha upande mmoja na mistari upande wa pili. Mwili ulikuwa ukitikisika, hasikii, hajibu. Lakini mistari, kila mtikisiko ulipotulia kidogo, ilikuwa mistari ya mtu aliye macho. Hakukuwa na dhoruba, wala ile mistari mizito ya uchovu ambayo hufuata baada ya kifafa cha mwili mzima.

"Hakuonekana kitu," mama akanong'ona, na nikaona uso wake ukijaa hofu, maana alijua nyumbani watasema nini.

Daktari akajibu jambo ambalo nimelirudia katika semina nyingi tangu siku hiyo. "Hapana, mama. Safari hii tumeona. Tumeona kwamba si kifafa, na tumeona kwamba haigizi."

Huku kuanguka ambako chanzo chake si dhoruba ya umeme ni jambo linalojulikana sana hospitalini. Kati ya wagonjwa wanaopelekwa kwenye uchunguzi wa aina hii kwa sababu kifafa chao hakisikii dawa, takriban mmoja kati ya wanne au watano hugundulika kuwa nako. Utafiti mmoja wa Ujerumani ulikuta kwamba wagonjwa hawa walikuwa wameishi wastani wa miaka zaidi ya 7 kabla ya kuambiwa ukweli, na mara nyingi katika miaka hiyo hunywa dawa zisizowafaa. Wachache wana vyote viwili, kifafa na kuanguka huku, kwa hiyo asiwepo msomaji wa kufunga kitabu hiki na kwenda kumnyang'anya mtu vidonge vyake. Nimekwisha kueleza yanayofuata. Nafsi iliyobeba mzigo kupita kiasi huzima, kama fyuzi ya nyumba inavyokatika, na mwili hutikisika bila mwenyewe kutaka wala kujua. Mzigo unaweza kuwa msiba, hofu, vita vya nyumbani, mtihani, ugonjwa mwingine. Kwa wengine hakuna tukio moja linalopatikana. Kwa wengi, hasa mabinti, kuna mtu aliyewatenda vibaya.

Binti yetu alipata mshauri wa kuzungumza naye, na baada ya wiki kadhaa alizungumza. Sitaandika alichosema. Nitaandika tu kwamba mtu aliyehusika alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakisimama mduara pamoja nasi kumkemea pepo.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo, wapendwa, na siombi radhi kwa ajili yake. Tulipomwambia binti yule ana pepo, tulimpa mkosaji mahali pazuri pa kujificha. Pepo hana jina la ukoo. Pepo hapelekwi kwa mzee wa kanisa wala dawati la jinsia. Ukisema ni pepo, hakuna haja ya kuuliza nani aliingia chumba gani, na familia nzima inalala usingizi, isipokuwa mmoja. Na kama Shetani ana kazi yoyote katika habari hii, nadhani aliifanya kupitia midomo yetu iliyokuwa ikimkemea.

Nitajibiwa kwamba mchungaji amekuwa msomi, hasadiki tena kuwepo kwa Shetani. Nasadiki. Kila ninapobatiza nauliza kama wanamkataa Shetani na kazi zake zote, na sijawahi kuliruka swali hilo. Lakini neno la Mungu linanitaka nisome mstari wote. Mathayo 4:24 inapoorodhesha wagonjwa waliomjia Bwana inataja wenye pepo, kisha inataja wenye kifafa, kisha waliopooza. Kama kila kifafa ni pepo, Mathayo alikuwa na sababu gani ya kuwataja mara mbili?

Nakubali kwamba habari ya mtoto aliyeletwa na baba yake, katika Mathayo 17, Marko 9 na Luka 9, ni ngumu zaidi. Pale Mathayo anamwita mgonjwa wa kifafa na Bwana anamtoa pepo. Sitaipinda ili inipendeze. Ila naomba wanaoitumia kila wiki waisome polepole. Katika Marko, kabla hajafanya lolote, Bwana anamuuliza baba tangu lini mtoto amekuwa hivi, naye baba anaeleza. Hilo ni swali la kwanza la daktari mpaka leo. Bwana wetu, anayejua yote, aliuliza. Sisi tusiojua kitu tunaanza kwa kupiga kelele. Kisha anamshika mtoto mkono na kumwinua, mtoto yule mwenye povu, wakati sisi tunamweka wa mwisho kwenye kikombe kwa kuogopa mate. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa kikombe wala kwa kulala kitanda kimoja, na aibu yangu ni kwamba nilimwacha mzee yule aseme alivyosema. Na jambo la tatu, ambalo kama ningelijua kwenye ile semina ningelivunja kapu: katika Mathayo, wanafunzi wanapouliza kwa nini wao walishindwa, imani ndogo inayotajwa ni ya hao wahudumu. Baba wa mtoto alikiri mwenyewe kwamba haamini vya kutosha, na bado alirudishiwa mwanawe. Mama wa yule mtoto wa mafiga alikuwa amebeba lawama iliyokuwa yangu.

Sisi Walutheri tuna sababu nyingine ya kunyamaza kabla ya kutamka. Katekisimo Ndogo inatufundisha kwamba mwili, akili na milango ya fahamu ni zawadi za Muumba. Martin Luther mwenyewe, tauni ilipoingia Wittenberg mwaka 1527, aliandika waraka akiwahimiza watu watumie dawa na akili, na akawakemea wanaozidharau dawa kwa kujidai wana imani. Halafu kuna amri ya nane. Tunaifundisha kipaimara kwa kusema habari za majirani wanaosengenyana kisimani. Lakini kumwambia binti wa watu mbele ya umati kwamba ndani yake anakaa pepo, bila kujua, ni kumshuhudia uongo jirani. Hukumu hiyo haifutiki. Atakapotafuta mume watamuuliza. Atakapoomba kazi ya ualimu wa shule ya chekechea watanong'ona.

Kwa upande wa pili, wahudumu wa afya nao wasikae kwenye mabenchi yao wakifurahi. Nimesikia kwa masikio yangu, katika wodi moja, muuguzi akimwambia mgonjwa wa namna hii, "Amka, acha kujifanya, kuna wagonjwa wa kweli hapa." Maneno hayo na yale ya mwombaji ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili yanakataa kwamba mtu anaweza kuteseka kweli bila mashine kuonyesha dhoruba. Kumbukeni Kashasha. Januari 1962, katika shule ya misheni ya wasichana karibu na Bukoba, wanafunzi walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia, mpaka 95 kati ya 159 wakapatwa, na mwezi Machi shule ikafungwa. Madaktari walipima, hawakupata sumu wala vijidudu. Hakuna aliyekuwa akiigiza. Walikuwa mabinti wachanga mbali na nyumbani, chini ya nidhamu kali, katika nchi iliyokuwa na wiki chache tu tangu ipate uhuru. Dunia nzima imelifanya tukio lile kichekesho. Mimi nikilisoma sicheki. Mpaka leo shule zetu za bweni hupata wasichana wanaoanguka kwa makundi, na mpaka leo jambo la kwanza linaloitishwa ni maombi, la pili ni kufukuza mtuhumiwa wa uchawi, na kuwauliza mabinti wenyewe wanaishije ni la mwisho, kama linafika.

Kanisa letu lina deni la pekee katika habari hii. Mwaka 1867, karibu na mji wa Bielefeld, Wakristo wa Ujerumani walifungua nyumba kwa ajili ya watu wenye kifafa ambao hakuna aliyewataka. Ndiyo iliyokuja kuitwa Bethel, na kwa jina hilo hilo walikuja wamisionari waliolea sharika za Usambara na Buhaya. Lutindi, juu ya Korogwe, walianza mwaka 1896 na watoto waliokombolewa utumwani, na kuanzia 1904 wakapokea wagonjwa wa akili. Hospitali ile ingali inafanya kazi chini ya dayosisi yetu. Kwa hiyo Injili tuliyoipokea ilikuja ikiwa imeshika mkono wa mtu anayeanguka. Tuliacha wapi?

Lakini hata Bethel haikuwa safi, na lazima tuseme. Sheria ya Wanazi ya Julai 1933 iliruhusu watu walioandikiwa kifafa cha kurithi kuhasiwa kwa nguvu, na wagonjwa wa Bethel walihasiwa chini ya sheria hiyo, viongozi wa Kanisa wakiikubali. Serikali ile ilipotaka kuwaua wagonjwa, mwaka 1940, mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, mwana wa yule mkubwa, alipinga. Ninalitaja kwa sababu watu hudhani kutambua ugonjwa ni mambo ya makaratasi. Jina lililoandikwa kwenye faili lilimfanya mtu akose watoto maisha yake yote. Huku kwetu jina linalotamkwa kwenye maombi linaweza kumfanya mtu akose vidole, shule au ndoa.

Wala tusidhani kifafa ni kitu cha kigeni kwetu. Mahenge, wilayani Ulanga, kina wagonjwa wengi kuliko kawaida, na daktari Louise Jilek-Aall alifungua kliniki huko mwaka 1960. Alikuta wagonjwa wanaokula peke yao, wenye makovu ya moto, na kwa vidonge vya fenobabitoni, dawa ya bei ndogo kabisa, wengi wakarudi mezani. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kuanguka wakitambuliwa na kutibiwa vizuri. Hospitali yetu ya Haydom, kule Mbulu, imekuwa mahali pa utafiti mkubwa wa kifafa, ukiwemo ule unaotokana na minyoo ya nguruwe. (Kwa wapenzi wenzangu wa kitimoto: nyama isiyoiva hukupa mnyoo tumboni, lakini mayai yanayopanda ubongoni hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo. Choo na maji ya kunawa vinazuia kifafa cha namna hii. Hilo nalo nalihubiri.)

Basi ninataka nini? Ninataka sinodi zetu zikataze, kwa maandishi, dawa kuwekwa madhabahuni katika usharika wowote, na mhubiri mgeni anayefanya hivyo ashushwe mimbarani siku hiyo hiyo. Ninataka anayeanguka kanisani alazwe ubavu, alegezwe shingo, asitiwe kijiko mdomoni, na mtu mmoja aangalie saa badala ya watu kumi kuanza kunena. Anayeweza achukue video kwa ajili ya daktari, si kwa ajili ya magrupu; nikiikuta kwenye grupu la usharika nitajua pa kuanzia. Ninataka fungu la diakonia ligharimie nauli ya uchunguzi mkubwa kwa wale ambao dawa hazijawasaidia, maana hospitali zenye uwezo huo ni chache na ziko mbali, na tumekwisha kuonyesha kwamba kwa spika mpya tunaweza kuchanga ndani ya Jumapili mbili. Na uchunguzi ukirudi na jibu la pili, lile la binti yetu, ninataka mchungaji akae chini, afunge mlango kwa adabu akiwa na mama mmoja mwenye hekima, aulize kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu, kuna kitu kilichokupata?" Kisha asubiri, kama wale wa hospitali walivyosubiri, hata siku tatu.

Maombi nayo yaendelee. Niliomba na binti yule kabla ya kulazwa na baada yake, bila kumkemea mtu. Bado huanguka mara chache, akiwa na shida kubwa, lakini sasa hujua dalili zake na hukaa chini mapema. Hakurudi kwenye kwaya yetu. Anaimba katika usharika mwingine, na sioni kama nina haki ya kumwomba arudi.

Yule mtoto wa mafiga sasa ni kijana wa miaka ishirini na mitano. Anakunywa dawa yake kila jioni na ni fundi viatu. Mwaka jana alisafiri kutoka milimani kuja kuniomba mimi, si mchungaji wao wa sasa, nimfungishe ndoa. Nilimuuliza kwa nini mimi. Akasema mama yake ndiye aliyetaka. Siku ilipofika nikawaambia wapeane mikono ya kuume, nikaweka mkono wangu juu ya yao, na ilinichukua muda kabla sijaweza kuendelea na liturujia.